Miezi mitatu baada ya kiharusi isipotee bure

Kiharusi huja bila kubisha hodi. Mtu hulala akiwa mzima, akaamka na kukuta mkono na mguu wa upande mmoja haumtii, mdomo umekwenda kombo, na maneno yakitoka hayaeleweki. Jamaa hukimbizana kutafuta gari, na akifika hospitalini akapona kufa, kila mtu hushusha pumzi na kumshukuru Mungu. Siku kadhaa baadaye mgonjwa huruhusiwa kurudi nyumbani. Hapo ndipo swali kubwa huanza: sasa tufanye nini?

Kwa wengi wa wagonjwa ninaowaona Kitale, na wale wanaonijia kutoka Bungoma, jibu ambalo familia hujipa ni moja: apumzike. Mgonjwa hutandikiwa kitanda kizuri, hulishwa, huogeshwa, na kila mtu humhurumia. Miezi miwili au mitatu hupita. Ndipo huletwa kwa daktari mkono ukiwa umekakamaa kifuani, bega likimuuma na mgongo wa chini ukiwa na kidonda, na familia huuliza kama kuna sindano ya kumrudishia nguvu.

Sindano hiyo haipo. Lakini lipo jambo ambalo wataalamu wa nchi nyingi wamekaa pamoja wakalichunguza kwa miaka, nalo latuhusu sisi tulio mbali na hospitali kubwa kuliko linavyowahusu watu wa London au Melbourne. Jambo lenyewe ni hili: kupona kiharusi kuna majira yake, kama vile mahindi ya Trans Nzoia yalivyo na majira yake. Anayepanda baada ya mvua kupita atavuna, ila hatavuna sawa na mwenzake aliyewahi.

Ubongo hufanyiwa nini?

Ubongo hulishwa na damu kupitia mishipa. Mshipa mmoja ukiziba kwa donge la damu, au ukipasuka na kuvuja, sehemu inayotegemea mshipa huo hukosa hewa ya oksijeni na kuanza kufa. Aina ya kwanza, ile ya kuziba, ndiyo ya kawaida zaidi duniani. Ile ya kupasuka ni chache kidogo, lakini hapa Afrika huonekana mara nyingi kuliko Ulaya, hasa kwa sababu watu wengi wana presha ya juu ambayo haijatibiwa.

Mwaka 2006 mtaalamu mmoja wa Marekani alikadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba bila kutibiwa, ubongo hupoteza chembe za neva zipatazo milioni 1.9 kila dakika. Ndiyo maana tunasisitiza mgonjwa afikishwe hospitalini mara moja. Ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini yafaa tu ikitolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na baada ya picha ya CT kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Mgonjwa aliyepasuka mshipa akipewa dawa hiyo, atavuja zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, usimpe mgonjwa asprini nyumbani kwa kubahatisha.

Chembe zilizokufa hazifufuki. Hata hivyo ubongo haukati tamaa. Chembe zilizo kandokando ya jeraha, na hata za upande wa pili, huanza kutafuta njia mpya, sawa na matatu ambazo daraja likibomoka hupitia barabara ya vumbi mpaka ikawa barabara kuu. Njia hizo mpya hutengenezwa kwa matumizi. Mkono usiotumika haupatiwi njia. Mkono unaotumika, hata kwa shida, hupatiwa. Hiyo ndiyo siri yote ya tiba ya viungo baada ya kiharusi.

Kwa nini wataalamu wa dunia walikutana?

Msomaji aweza kushangaa: kama siri ni hiyo, utafiti wa nini? Taabu ilikuwa kwamba kwa miaka mingi kila mtafiti alikuwa na lugha yake. Mmoja aliposema "mapema" alimaanisha siku ya pili, mwingine alimaanisha mwezi wa pili. Mmoja alipima kupona kwa nguvu za mkono, mwingine kwa mwendo wa mguu, wa tatu kwa kumwuliza mgonjwa anajisikiaje. Tafiti nyingi zilikuwa na wagonjwa wachache mno, thelathini au arobaini. Ukizikusanya zote mezani hukuweza kuzijumlisha, kama usivyoweza kujumlisha debe, gorogoro na kilo bila kwanza kukubaliana kipimo.

Mwaka 2016 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana mjini Philadelphia, Marekani, katika kikao cha kwanza cha meza ya duara kuhusu kupona na ukarabati wa wagonjwa wa kiharusi. Aliyeongoza ni Profesa Julie Bernhardt wa Australia, ambaye taaluma yake ya awali ni tiba ya viungo. Maafikiano yao yalichapishwa mwaka 2017. Kikao cha pili kilifanyika Kanada mwaka 2018, na baada ya hapo wakaunda muungano wa kudumu wa kimataifa wa kuendeleza kazi hiyo.

Jambo la kwanza waliloafikiana ni kalenda. Saa 24 za kwanza ni kipindi cha dharura kuu. Siku ya 1 hadi ya 7 ni kipindi cha ugonjwa mkali. Kuanzia siku ya 7 hadi miezi 3 ni kipindi cha mapema cha kupona. Miezi 3 hadi 6 ni kipindi cha baadaye cha kupona. Baada ya miezi 6 mgonjwa huhesabiwa yuko katika hali ya muda mrefu.

Usiione kalenda hiyo kuwa ya vitabuni tu. Katika majuma na miezi ya mwanzo ubongo huwa tayari zaidi kujipanga upya, na sehemu kubwa ya nguvu na mwendo unaorudi hurudi wakati huo. Sasa iweke kalenda hiyo kando ya desturi yetu ya kumlaza mgonjwa apumzike miezi mitatu, uone hasara yake.

Nisieleweke vibaya. Simaanishi kwamba baada ya miezi 3, au 6, mlango hufungwa. Utafiti mmoja uliofanywa katika vituo saba vya Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 uliwahusisha watu 222 waliougua miezi 3 hadi 9 kabla. Mkono wao mzima ulivikwa glavu nene kwa majuma mawili ili walazimike kuutumia ule uliodhoofika, huku wakifanya mazoezi kila siku ya kazi. Walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilidumu. Lakini walichaguliwa wale ambao mkono ulikuwa bado una mwendo kidogo. Mlango haufungwi, ila huwa mzito kusukuma.

Jambo la pili waliloafikiana ni vipimo. Kimoja ambacho hata daktari wa kawaida kama mimi aweza kukitumia ni kipimo cha Rankin, kilichoanzia Scotland mwaka 1957. Sifuri ni mtu asiye na dalili yoyote. Mbili ni yule asiyeweza kufanya kila alichokuwa akifanya, lakini anajitunza mwenyewe bila msaada. Nne hawezi kutembea wala kujitunza bila kusaidiwa. Tano yuko kitandani akihitaji uangalizi wakati wote. Sita amefariki. Muulize anayemtibu jamaa yako yuko wapi katika kipimo hicho leo, na atarajiwa kuwa wapi baada ya miezi mitatu.

Waliyojifunza kwa kushirikiana

Faida ya kushirikiana ni kwamba maswali ambayo hospitali moja isingeweza kuyajibu kwa miaka hamsini yalijibiwa. Nitataja matatu ambayo majibu yake hayakuwa yale yaliyotarajiwa.

La kwanza ni kuhusu kumwinua mgonjwa mapema. Wengi waliamini kwamba kadiri mgonjwa anavyoondolewa kitandani upesi na kwa muda mrefu, ndivyo apatavyo nafuu. Utafiti uitwao AVERT, ulioongozwa na Profesa Bernhardt huyo huyo, uliwachukua wagonjwa 2,104 katika hospitali 56 za nchi tano: Australia, New Zealand, Malaysia, Singapore na Uingereza. Kundi moja liliinuliwa ndani ya saa 24 na kufanyishwa mazoezi mengi. Jingine lilipata huduma ya kawaida. Matokeo yalipotolewa mwaka 2015, baada ya miezi mitatu asilimia 46 ya wale waliofanyishwa mengi walikuwa na hali nzuri, lakini katika kundi la kawaida walikuwa asilimia 50. Haraka ile ilikuwa na madhara.

Watafiti walipochambua zaidi, waliona kwamba kuinuliwa kwa vipindi vifupi vifupi na vya mara kwa mara kuliandamana na matokeo mazuri kuliko kipindi kirefu kimoja. Kwa hiyo siku ya kwanza si ya kumburuta mgonjwa ukumbini. Lakini tusiugeuze utafiti huo kuwa kisingizio cha kumlaza mwezi mzima. Hata lile kundi la huduma ya kawaida wengi wao waliinuliwa ndani ya siku moja hivi. Hakuna kundi lililoachwa kitandani.

La pili ni kuhusu dawa. Mwaka 2011 utafiti wa Ufaransa wa wagonjwa 118 ulidokeza kwamba fluoxetine, dawa inayotumiwa kutibu mfadhaiko wa akili, husaidia mkono na mguu kupata nguvu baada ya kiharusi. Habari zikaenea, na madaktari katika nchi mbalimbali wakaanza kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo. Ndipo vikundi vitatu vya watafiti vikapatana kutumia mpango mmoja. Cha kwanza kilikuwa Uingereza na wagonjwa 3,127, cha pili Sweden na wagonjwa 1,500, na cha tatu Australia, New Zealand na Vietnam na wagonjwa 1,280. Majibu yalitoka mwaka 2018 na 2020, na yote yalikuwa mamoja: ikipewa kila mgonjwa kwa miezi sita, dawa hiyo haiongezi uwezo wa kujitegemea. Ilipunguza mfadhaiko kwa baadhi, lakini waliovunjika mifupa waliongezeka.

Fundisho kwetu ni la wazi. Ikiwa dawa iliyoonekana kufaa kwa watu 118 ilishindwa ilipojaribiwa kwa takriban 5,900, tuseme nini juu ya chupa inayouzwa sokoni kwa ushahidi wa jirani mmoja aliyepona? Jirani huyo huenda angepona hivyo hivyo, kwa kuwa wagonjwa wengi hupata nafuu kiasi katika majuma ya kwanza hata bila dawa yoyote.

La tatu latugusa moja kwa moja. Nchini India, ambako kama hapa wataalamu ni wachache na familia ndiyo muuguzi mkuu, utafiti uitwao ATTEND uliwachukua wagonjwa 1,250 katika hospitali 14. Nusu yao, jamaa zao walifundishwa mazoezi na kutembelewa nyumbani mara kadhaa. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita makundi yote mawili yalikuwa sawa: asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamefariki au wanategemea wengine.

Je, hii yamaanisha familia haina kazi? La. Yamaanisha kwamba kumfundisha jamaa kwa haraka kisha kumwachia mzigo wote hakuwezi kuchukua nafasi ya mtaalamu. Familia ni mikono ya mtaalamu, na mikono bila macho hupapasa tu. Serikali za kaunti zinazofikiria kwamba akina mama wa nyumbani watafanya kazi ya wataalamu wa viungo ambao hawajaajiriwa zingefaa kuusoma utafiti huo.

Afrika Mashariki tuko wapi?

Duniani watu wapatao milioni 12 hupatwa na kiharusi kwa mara ya kwanza kila mwaka, na zaidi ya vifo 8 kati ya 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini ukitazama orodha ya nchi nilizozitaja, utaona kwamba tafiti nyingi za kupona zimefanywa kwa matajiri. Mgonjwa wa Melbourne ana gari la kumfikisha kliniki na bima ya kulipia mtaalamu. Mgonjwa wa Endebess au Sirisia ana bodaboda, na mwendesha bodaboda hawezi kumpakia mtu asiyeweza kujishikilia.

Hata hivyo eneo letu halikukaa bure. Nchini Tanzania, wataalamu wa huko na wenzao wa Newcastle, Uingereza, walianza mapema miaka ya 1990 kuhesabu vifo Dar es Salaam, Hai na Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yaliwashangaza waliodhani kiharusi ni ugonjwa wa wazungu: kwa kulinganisha watu wa umri mmoja, vifo vya kiharusi Tanzania vilizidi vya Uingereza. Kisha, kati ya mwaka 2003 na 2006, waliwatafuta wagonjwa wapya mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji, wakapata 636, yaani 453 Hai na 183 Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha umri, Dar es Salaam ilikuwa na wagonjwa wapya 316 hivi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango ambacho ni miongoni mwa vya juu kuripotiwa popote.

Walipowafuatilia baadhi ya wagonjwa wa Hai, karibu robo walifariki ndani ya siku 28, na takriban 6 kati ya 10 ndani ya miaka mitatu. Yaani wengi hawakuuawa na kiharusi siku ile. Walifika nyumbani, wakafa baadaye. Yanayowaua watu katika miezi hiyo twayajua: homa ya mapafu kutokana na chakula kinachopita njia isiyo yake, vidonda vya kulala, damu kuganda mguuni, na kiharusi cha pili. Mengi ya hayo huweza kuzuiwa nyumbani.

Hapa kwetu magharibi mwa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret wameshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Mpango wao wa AMPATH, uliojulikana kwanza kwa tiba ya Ukimwi kuanzia mwaka 2001, uliingia baadaye katika matibabu ya presha na kisukari. Utafiti wao mmoja uliochapishwa mwaka 2021 uliwahusu watu 2,890. Baadhi yao walitibiwa katika vikundi, wengine wakajiunga na vyama vya kuweka na kukopeshana, na wengine wakapata vyote viwili. Presha ya waliojiunga na vikundi ilishuka kuliko ya wale waliobaki na huduma ya kawaida. Hilo ni jambo ambalo kina mama wa chama cha Kiminini au Kimilili hawahitaji kufafanuliwa: mtu hamezi dawa kwa sababu ya daktari aliye mbali, humeza kwa sababu wenzake watamwuliza Jumamosi.

Ukarabati wa wagonjwa wa kiharusi haujapata utafiti mkubwa wa namna hiyo huku kwetu. Nawaomba wakuu wa afya wa Trans Nzoia na Bungoma waitake nafasi hiyo. Tuna vikundi tayari. Tuna wahudumu wa afya wa kijamii, ambao tangu mwaka 2023 serikali iliwagawia mikoba yenye kipima presha. Bungoma pia ina eneo la Webuye ambako Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikifuatilia afya ya kaya. Tunachokosa ni wataalamu wa viungo wa kutosha katika hospitali ndogo, na wa kusema na kumeza ambao ni adimu kabisa.

Familia ifanye nini?

Tuseme mama wa miaka 58, muuza maharagwe katika soko la Chwele, ametoka hospitalini juma la pili baada ya kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ni dhaifu, maneno machache. Haya ndiyo ningewaambia wanawe.

Kwanza, msitoke hospitalini bila kuonana na mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwombeni awaonyeshe kwa vitendo namna ya kumgeuza, kumkalisha na kumsimamisha, nanyi mfanye mbele yake. Pangeni tarehe ya kurudi kabla hamjaondoka. Ulizeni pia kuhusu malipo ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwani kujisajili baada ya kuugua ni usumbufu.

Pili, kabla ya kumlisha, hakikisheni anameza. Akalishwe wima, apewe kijiko kidogo cha maji. Akikohoa, au sauti ikawa kama yenye maji kooni, msiendelee, rudini hospitalini. Kamwe asilishwe akiwa amelala. Uji unaompitia mapafuni humwua sawasawa na ugonjwa wenyewe.

Tatu, aliye kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Andikeni zamu kwenye karatasi ukutani. Na msimvute mkono dhaifu mnapomwinua. Bega lililolegea huteguka kwa urahisi, na maumivu yake humfanya akatae mazoezi.

Nne, mazoezi yawe mafupi na ya mara nyingi. Dakika kumi mara sita kwa siku ni afadhali kuliko saa moja ya kumchosha. Na yawe ya kazi anayoijua. Si lazima mnunue vifaa. Apukuchue mahindi, achambue maharagwe, akunje leso, ashike kikombe na kukiweka. Kazi moja irudiwe mara nyingi, na ikiwa rahisi, iongezwe ugumu kidogo. Muuza maharagwe atachambua maharagwe kwa moyo kuliko atakavyofinya mpira.

Tano, msimfanyie kila kitu. Huruma ya kumvika nguo ambazo angeweza kujivika kwa nusu saa humnyang'anya zoezi. Mzungumzeni pia. Asiyeweza kusema si lazima awe haelewi. Mwulizeni maswali ya ndiyo na la, mpeni muda wa kujibu, wala msimjadili mbele yake kana kwamba hayupo.

Sita, tazameni moyo wake. Karibu mtu 1 kati ya 3 hupatwa na mfadhaiko baada ya kiharusi. Akilia ovyo, akakataa kula au akasema heri angekufa, hiyo si deko wala ukosefu wa imani. Ni ugonjwa, na unatibika. Hapo ndipo fluoxetine na dawa za jamii yake zina kazi, kwa maagizo ya daktari.

Kuhusu kukandwa kwa mafuta, kuombewa na dawa za kienyeji, naulizwa kila juma. Maombi hayagombani na mazoezi. Kukandwa polepole hakuna ubaya, lakini hakujengi njia mpya ubongoni, kwa sababu anayefanya kazi ni mkandaji. Linaloniudhi ni majuma yanayopotea mgonjwa akizungushwa kwa waganga, na ng'ombe wanaouzwa kulipia, wakati kalenda ya kupona inasonga. Tena dawa za mitishamba zisizojulikana huweza kugombana na dawa za presha. Nenda utakako, lakini usikatize mazoezi wala dawa.

Kiharusi cha pili

Kiharusi 1 kati ya 4 humpata mtu aliyewahi kupatwa na kingine. Utafiti wa nchi 32 uliochapishwa mwaka 2016, ambao Afrika ilishiriki, ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanahusika na viharusi 9 kati ya 10, na kubwa kuliko yote ni presha. Dawa ya presha haimezwi mpaka kichwa kiache kuuma. Humezwa kila siku, maisha yote, hata ujisikiapo mzima. Punguza chumvi mezani, acha sigara, punguza pombe, tembea.

Na kila aliye nyumbani, hata mtoto wa shule, ajue dalili. Mwambie mtu atabasamu: je, mdomo umepinda? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Aseme sentensi: je, maneno yanakwama? Ukiona hata moja, tazama saa, kumbuka dalili zilianza lini, mpeleke hospitali kubwa iliyo karibu bila kupitia kwingine. Hata dalili zikitoweka baada ya dakika chache, mpeleke. Hilo ni onyo.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hayo yalifaa kwa homa. Mgonjwa wa kiharusi, akishathibitika anameza, muulize uji, kisha umpe kijiko mkononi, mkono ule dhaifu, ungoje. Utamwagika siku ya kwanza na ya kumi. Siku ya ishirini huenda ukafika mdomoni.